Mlinzi wa Sisimizi Wadoezi

Kituo cha Utafiti
9 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia na cherehani haikusumbui. Mimi sijambo, ila jua limenibabua pua mpaka inachunika kama ganda la kitunguu. Nakuandikia kwa sababu simu huku haishiki hata ukipanda juu ya paa.

Mama, kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma. Ofisi imenipangia uwanda wa kufanyia kazi, na uwanda wenyewe ni ule wetu. Ule ule aliokuwa akichungia Baba. Nyumba yetu haipo tena, imebaki sakafu ya saruji na ngazi mbili za mlangoni ambazo sasa hazipandi kwenda popote. Ng'ombe wa Baba Mkubwa ndio wanaolala hapo mchana. Naye ameshakubaliana na kampuni moja ya kilimo waje walime uwanda wote. Trekta zinangoja udongo ulainike tu.

Lakini nimepata kitu. Niliinua jiwe bapa nikakuta nyumba ya sisimizi weusi, hawa wa kawaida, na ndani yake mgeni. Mdogo, rangi ya chai ya mkandaa isiyotiwa maziwa, anang'aa kama aliyepakwa mafuta. Aina hii haina vibarua hata mmoja. Malkia wake huingia kwenye nyumba ya wenzake, hujisugua kwa malkia mwenyeji mpaka anukie kama yeye, kisha humpanda mgongoni na kukaa. Wenye nyumba wanamlisha, wanalea watoto wake wakidhani ni wao, na malkia wao anadhoofika chini ya uzito ule. Wataalamu walishaandika kwamba wamekwisha kabisa. Hawajakwisha, Mama. Wako kwetu.

Nimewapa jina la utani: wadoezi. Nimepeleka taarifa juu. Niombee.

Mwanao,
Kiroboto


17 Februari

Mwanangu Kiroboto,

Marahaba. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Mgongo unauma upande mmoja tu, ule mwingine umeniachia nipumue. Nyuma ya saluni hapa joto ni lile lile, na dawa ya nywele inaingia chumbani mpaka sare za shule ninazoshona zinanukia kama bibi harusi.

Barua yako nimeisoma nimesimama. Ulivyosema nikae, nikajua ni habari ya yule Baba Mkubwa wako, na kwa habari zake mimi sikai.

Wewe ulikuwa mdogo, labda umesahau. Mimi sijasahau hata kidogo. Udongo wa kaburi la baba yako ulikuwa bado mbichi alipokuja na watu wake wakatoa kitanda changu nje. Kitanda, mwanangu! Wakakiweka kwenye nyasi na godoro juu yake, ng'ombe wakaja kukinusa. Akawaambia watu wote kwamba marehemu kabla ya kukata roho alimwachia yeye kila kitu. Kwa mdomo, eti, wakiwa wawili tu. Nilimuuliza, "Shemeji, na mimi?" Akasema, "Wewe una mikono." Basi nikakushika mkono nikaondoka, na mikono hiyo ndiyo iliyokusomesha.

Sasa huyo mdudu wako, unaponieleza kwamba anaingia nyumba ya watu, anajifanya ndugu, anakula, anampanda mwenye nyumba mgongoni, mimi simwoni mgeni hapo. Huyo ni shemeji yangu mwenye miguu sita. Ungeniuliza kama mama yako, ningekwambia mwagia maji ya moto.

Lakini kama mdudu huyo ndiye atakayezuia trekta, basi mlinde. Mlinde kama mboni ya jicho. Piga uzio, weka na kufuli. Shemeji asiingize hata ukwato mmoja. Nataka asimame nje ya ule uwanda, autazame, ashindwe kuugusa, kama nilivyosimama mimi siku ile na kitanda changu.

Kula vizuri.

Mama yako


Kituo cha Utafiti
30 Aprili

Mama mpenzi,

Shikamoo. Habari za tangu siku zile? Hapa kwetu ni njema, na leo ni njema kupita kiasi.

Uamuzi umetoka. Uwanda umetangazwa kuwa eneo la hifadhi. Marufuku kulima, kujenga wala kuchunga. Trekta zilikuwa zimeshafika, zimeegeshwa barabarani na madereva wamejilaza chini yake kukwepa jua. Mkubwa wangu wa kazi aliwasomea karatasi, wakawasha mashine, wakageuza. Mama, ungesikia ule mlio ukififia!

Baba Mkubwa alikuja ofisini asubuhi iliyofuata. Alikuwa hajui ni mimi. Aliingia akiongea, akazunguka meza zote akidai aonyeshwe aliyeandika ripoti. Nikasimama.

"Ni mimi, Baba Mkubwa. Shikamoo."

Hakuitikia. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Wewe si yule mtoto wa mdogo wangu?"

"Ndiye."

"Unanifukuza kwenye ardhi yangu kwa ajili ya sisimizi?"

"Sikufukuzi mimi. Ni sheria." Halafu Mama, sijui neno lilitoka wapi, nikamwambia, "Na wewe una mikono."

Nilimwona akilitafuta lile neno kichwani, alilisikia wapi, na nikaona alipolipata. Akatoka bila kuaga.

Nilipaswa kuona haya, maana kazi yangu ni wadudu, si kulipa visasi. Sikuona haya hata kidogo.

Mwanao,
Kiroboto


6 Mei

Kiroboto wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba!

Nimeisoma barua yako mbele ya mwenye saluni na wateja wake wote. Mmoja alikuwa na povu kichwani, akakataa kusuuzwa mpaka nimalize. Nilipofika pale kwenye mikono, walipiga vigelegele mpaka watu wa duka la jirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Sasa niandikie tena, na usinifupishie. Alikuwa amevaa nini? Sauti ilimkauka au aliondoka na kiburi chake chote? Nani mwingine alisikia? Uzio umeshapigwa? Kufuli ni lile kubwa la chuma au haya ya siku hizi yanayofunguka kwa pini?

Mgongo hauumi kabisa wiki hii.

Mama yako


Kituo cha Utafiti
12 Novemba

Mama mpenzi,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya sana, na wewe umeandika mara tatu. Usinikasirikie. Nilikuwa natafuta namna ya kuianza barua hii, na mpaka sasa sijaipata.

Wadoezi wanakufa.

Uzio ulipigwa, kufuli kubwa la chuma likawekwa, na hapakuingia ukwato hata mmoja, kama ulivyotaka. Nyasi zikaota. Mwanzo nilifurahi kuziona. Sasa zinanifika kiunoni, na chini yake udongo ni baridi na unyevu kama sakafu ya bafuni. Sisimizi weusi wanataka udongo uliopigwa na jua, wakikosa joto watoto wao hawakui. Basi wanahama au wanakufa. Na mdoezi hana nyumba yake. Mwenyeji akiondoka, yeye kwisha habari. Jiwe lile la kwanza nililokwambia, nimeliinua jana. Chini kuna konokono.

Tulidhani tunawalinda kwa kuwafungia, Mama. Kumbe waliishi miaka yote hiyo kwa sababu ng'ombe walikuwa wanapita na kuzifupisha nyasi. Ng'ombe wa Baba, na baada yake ng'ombe wa Baba Mkubwa.

Tulijaribu kufyeka kwa mikono. Nyasi zilizokatwa zilianguka zikafunika udongo, ikawa mbaya zaidi. Kuzichoma hatuwezi, wataungua wote. Wanatakiwa ng'ombe, wapite kidogo kidogo, kipande kwa kipande. Na ng'ombe walio karibu ni wa mtu mmoja tu. Unamjua.

Mkubwa wangu ameshasema tumwite. Mimi nimeomba aningoje nikuandikie kwanza.

Nijibu, Mama.

Mwanao,
Kiroboto


20 Novemba

Mwanangu,

Marahaba.

Wafe.

Nasema wafe wote, na nyasi ziote juu yao mpaka zifike mawinguni. Nilikubali kumlinda mdudu mwizi kwa sababu alikuwa anamzuia mwizi mwenzake. Sasa unaniambia hawezi kuishi bila yeye? Basi wazikwe pamoja.

Ukimfungulia yule mtu lango la uwanda wa baba yako, usiniandikie kunieleza. Nitasikia kwa watu.

Mama yako


Kituo cha Utafiti
15 Desemba

Mama,

Shikamoo. U mzima? Nimemuuliza mwenye saluni kwa barua, amenijibu kwamba wewe u mzima, unashona, na ukisikia jina langu unakanyaga cherehani kwa nguvu. Nashukuru kwa hilo. Ungenyamaza kwa ugonjwa, ningekuja mbio.

Hatujamfungulia. Bado nazuia. Lakini kila nikienda uwandani nakuta nyumba nyingine imekuwa kimya.

Mwanao


Kituo cha Utafiti
19 Januari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Hukunijibu, lakini soma hii mpaka mwisho ndipo uitupe.

Ofisi imefanya kikao kuhusu ng'ombe. Ng'ombe wataruhusiwa, kwa masharti. Wataingia asubuhi tu, kwenye kipande kilichowekewa vigingi, na kutoka. Mifugo haitaingia mpaka mlinzi wa geti afungue. Mlinzi atakaa kwenye nyumba ndogo ya getini, vyumba viwili na baraza, na ufunguo utakuwa mmoja, wa kwake. Asipofungua, hakuna wa kufungua.

Walitaka kuajiri askari mstaafu. Nikasema namfahamu mtu anayeujua uwanda ule kuliko askari yeyote, aliyeishi humo tangu alipoolewa. Wakauliza kama mtu huyo ni mkali. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, wakaandika jina lako.

Mama, sikuombi umsamehe. Nakuomba uje ushike ufunguo. Kila atakapotaka kuingia, itabidi akuombe wewe.

Mwanao,
Kiroboto


2 Februari

Kiroboto,

Marahaba.

Nimemwachia mwenye saluni sare zilizobaki. Nakuja na cherehani yangu. Waambie wanifagilie baraza.

Mama yako


Nyumba ya getini
14 Machi

Mwanangu mpenzi,

Natumaini ulifika salama huko kwenye mafunzo na wamekupa chumba chenye dirisha. Hapa mimi sijambo.

Nyumba ni nzuri. Bati halivuji. Asubuhi nakaa barazani nauona uwanda wote mpaka kwenye zile ngazi zetu mbili. Nimeenda kuzikalia. Zimepata ufa lakini bado zinanibeba. Muuza maziwa ananipitia kila siku, mama mmoja mzee, masikio yake yamechoka, kwa hiyo tunaongea kwa kupiga kelele na siri zote zinasikika barabarani. Nimeshamshonea gauni.

Wadudu wako nimewaona. Yule mpimaji wa ofisini kwenu alikuja akanifundisha kuinua jiwe taratibu na kulirudisha bila kuwaponda. Nimemwona malkia mdoezi amempanda mwenzake mgongoni, ametulia kama yuko kwake. Nikamwambia, "Wewe nakulinda kwa mshahara tu."

Mambo ni shwari. Soma kwa bidii.

Mama yako


Chuoni
27 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata nikafurahi sana kusikia habari za ngazi. Mimi mzima, chumba kina dirisha linalotazama ukuta.

Lakini Mama, umenieleza habari za muuza maziwa, bati na gauni. Habari za ng'ombe hukuniandikia. Walianza kuingia lini? Wanakula vipande kwa zamu? Huu ndio wakati malkia wachanga wanatoka kutafuta nyumba za kuingia. Wasipokuta mwenyeji karibu wanakufa njiani.

Niandikie upesi.

Mwanao,
Kiroboto


Chuoni
21 Aprili

Mama,

Shikamoo.

Mpimaji ameniandikia. Anasema geti halijafunguliwa hata mara moja tangu ulipolishika. Anasema mchunga ng'ombe wa Baba Mkubwa alikuja ukamrudisha. Baba Mkubwa alikuja mwenyewe ukamrudisha. Anasema upande wa mashariki nyasi zimefunika vigingi na haoni sisimizi hata wa dawa. Yeye hathubutu kukwambia kitu kwa sababu, nanukuu, anakuogopa.

Mama, nilikuletea ufunguo ufungue. Nilikudhamini mbele ya watu. Wale wadudu hawakukutoa nje, hawakugusa kitanda chako, na hawana mahali pengine pa kwenda. Wewe, kati ya watu wote, unajua maana ya kukosa mahali pa kwenda.

Nimeomba ruhusa nirudi. Wamenikatalia mpaka mwisho wa mwezi ujao. Kwa hiyo nakuomba kwa maandishi, kama mwanao na kama mkubwa wako wa kazi: fungua.

Mwanao


Nyumba ya getini
8 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini u mzima, na hasira imepungua, ingawa unayo haki nayo.

Nimefungua. Sasa nikueleze yote kama yalivyokuwa, usije ukayasikia kwa mpimaji aliyejificha nyuma ya gari lake.

Baba Mkubwa wako kwanza alimtuma mchunga ng'ombe. Nikamwambia amwite mwenyewe. Akaja kwa gari, hakushuka, akapiga honi. Mimi niliendelea kushona. Aliporudi mara ya pili alishuka. Akasema, "Shemeji, nimepewa ruhusa na ofisi. Fungua." Nikamwambia, "Nitafungua. Lakini kwanza sema ulichonifanyia." Akacheka, akapanda gari lake akaondoka.

Nikasubiri. Upande wake wa barabara ukakauka, mwanangu. Malisho yakaisha, ng'ombe wake wakawa wanakuja kusimama kwenye uzio, wanaingiza pua kwenye waya, mbavu zinahesabika. Ng'ombe niliwaonea huruma, yeye sikumwonea. Barua yako ilipofika niliisoma barazani. Pale uliposema wadudu hawakugusa kitanda changu paliniuma. Niliuchukua ufunguo nikaenda mpaka getini. Nikalishika kufuli. Halafu nikarudi ndani. Nilijua nikifungua siku ile bila neno lake, sitalipata tena mpaka nakufa. Nikakuasi. Nakwambia hivyo hivyo, bila kuzunguka.

Wiki iliyopita alikuja kwa miguu. Amezeeka, nilikuwa sijamtazama vizuri. Muuza maziwa alikuwepo, na fundi mwashi aliyekuwa ananirekebishia ngazi, na mpimaji wenu. Alitaka tuongee pembeni. Nikamwambia, "Uliponitoa hukunitoa pembeni."

Akasimama kidogo akichezea waya. Kisha akasema, "Nilimtoa mke wa mdogo wangu nje, kaburi halijakauka."

"Endelea."

"Nilisema ameniachia yote. Hakuniachia."

"Alisema nini?"

"Alisema nikutunze wewe na mtoto." Hilo, mwanangu, sikulijua. Miaka yote hii sikulijua. Nikashika nguzo ya geti.

Muuza maziwa akauliza, "Amesemaje?" Nikamwambia, "Shemeji, huyu mama hasikii vizuri. Rudia kwa sauti." Akarudia. Akarudia kwa sauti mpaka ng'ombe wakageuza vichwa. Muuza maziwa akaweka ndoo yake chini, akamtazama, akasema tu, "Ahaa." Kesho yake habari ilikuwa imefika kila nyumba anayopeleka maziwa.

Nikafungua. Ng'ombe waliingia kama maji. Aliponipita, aliniuliza, "Umeridhika sasa?" Nikamwambia, "Bado. Ng'ombe wako watahitaji geti kila asubuhi. Na kila asubuhi utakuja wewe mwenyewe, si mchunga ng'ombe, na utanisalimia kwanza."

Watu wa saluni walikuwa wakinihubiria kwamba siku nitakapoipata haki yangu nitaona haina ladha. Wamenidanganya. Ilikuwa tamu, mwanangu. Mpaka sasa bado tamu.

Sasa ya wadudu wako. Nimetembea na mpimaji jiwe kwa jiwe. Upande wa mashariki wamekwisha. Nimeinua mawe yote kwa mikono yangu, taratibu kama nilivyofundishwa, na hakuna kitu. Wale waliuawa na kusubiri kwangu, sitamsingizia mtu. Upande wa magharibi, kule kwenye miamba ambako nyasi hazirefuki, wapo. Malkia nimewaona, na wachanga nimewaona wakitembea juani kutafuta mlango. Ng'ombe wameanzia huko, kipande kwa kipande, kama ulivyoagiza, nami nasimama mbele yao na fimbo wasikanyage mawe. Mpimaji anasema udongo umeanza kupata joto.

Kwa wale wa mashariki nakuomba radhi, na nitakuomba tena utakaporudi, uso kwa uso. Kwa Baba Mkubwa wako siombi radhi kwa mtu. Kama ofisi itaona inifukuze, wanifukuze, ila wangoje ng'ombe wamalize kazi kwanza, maana hao askari wenu wastaafu hawatajua jiwe lipi ni la kuzungukwa.

Barua hii naiandika asubuhi. Kumeshapambazuka vizuri, na yeye amekuja mapema leo. Namwona kupitia dirishani, amesimama nje ya geti na ng'ombe wake nyuma yake, anatazama huku. Ameshanisalimia mara moja, nimejifanya sikusikia.

Chai yangu bado ya moto. Nikiimaliza nitaenda kumfungulia.

Mama yako